Kiraka cha mistari mitatu: kuhakiki usafishaji wa kumbukumbu ndani ya kerneli ya Linux

Watunzaji wa kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo endeshi, hupokea mfululizo usiokatika wa viraka, yaani mabadiliko ya msimbo yanayopendekezwa, vidogo na vinavyodai kusafisha tu. Kimoja huondoa sharti lisilo na kazi kabla ya kuita kfree (funksheni inayoachilia kumbukumbu), kingine hubadili kmalloc (inayotenga kumbukumbu) na memset (inayoijaza sifuri) kuwa kzalloc inayofanya yote mawili, na kingine hufuta ujumbe wa kwamba kumbukumbu imekwisha, ujumbe ambao kerneli huuchapisha yenyewe bila draiva, yaani msimbo unaoendesha kifaa, kuusema tena. Viraka hivi huwa na mistari mitatu au minne, maelezo yake ni sentensi moja au mbili, na mara nyingi mwandishi wake ndiyo kwanza anaingia katika kazi hii. Ni rahisi kuviona kuwa mambo ya dakika moja. Ninachotaka kuonyesha hapa ni kwamba udogo wa kiraka hausemi lolote kuhusu uzito wa kukihakiki, kwa sababu mhakiki hapimi mistari iliyobadilishwa, bali anapima maisha ya kipande cha kumbukumbu: nani alikiomba, nani bado amekishika, na nani ana haki ya kukiachilia.

Inafaa kwanza kueleza kwa nini jambo hili ni zito zaidi ndani ya kerneli kuliko ndani ya programu za kawaida. Programu ya kawaida inayosahau kurudisha kumbukumbu iliyoiomba huokolewa na kufungwa kwake, maana ikifungwa mfumo endeshi huchukua kila kilichokuwa mikononi mwake. Kerneli haina mwingine nyuma yake wa kuisafishia. Kipande ilichokisahau hubaki hivyo hadi mashine izimwe, na zipo seva zinazokaa miezi mingi bila kuzimwa. Zaidi ya hayo, tangu Linus Torvalds aianzishe mwaka 1991 kerneli hii imeandikwa kwa lugha ya C, ambayo haifuatilii wala kukusanya yenyewe kumbukumbu zilizoachwa. Na ijapokuwa lugha ya Rust ilianza kupokelewa katika toleo la 6.1 mwishoni mwa mwaka 2022, sehemu kubwa mno ya msimbo, hasa draiva za vifaa, ingali C. Kerneli hiyohiyo ndiyo iliyo chini ya kila simu ya Android, kwa hiyo kosa lililopenya uhakiki haliishii kwa waandishi wa msimbo peke yao. Linaweza kufika katika simu zilizo mifukoni mwa watu wa Mwanza, Mombasa na Bujumbura.

Makosa ya kumbukumbu ni mengi, lakini katika viraka vya usafi yanayojirudia ni matatu, na hayalingani kwa ubaya. Uvujaji hutokea pale kipande kilichotengwa kinapopotea bila kurudishwa. Hupunguza kumbukumbu polepole, na mara nyingi hutokea katika njia ya makosa, yaani msimbo unaoendeshwa jambo likishindikana, ambayo hupitiwa kwa nadra. Kutumia kipande baada ya kukiachilia ni jambo jingine kabisa. Mpangaji amehama na chumba amepewa mtu mwingine, lakini ufunguo wa zamani bado unafungua mlango. Anayeshambulia mfumo hujitahidi awe yeye huyo mpangaji mpya, ili kerneli isome data alizozipanga yeye ikidhani ni zake. Kuachilia kipande kimoja mara mbili huzaa hatari ya jamii hiyohiyo, kwa kuwa orodha za ndani za kitenga kumbukumbu huvurugika, na waombaji wawili wanaweza kupewa kipande kimoja kwa wakati mmoja.

Kutokana na tofauti hiyo, mimi hushikilia kanuni moja wakati wa kuhakiki: kiraka kinachoongeza kfree kinastahili kutiliwa shaka zaidi kuliko kiraka kingine chochote cha usafi. Mwandishi ameona njia ya makosa isiyoachilia kitu, akaongeza mstari mmoja, akaandika kwamba ameziba uvujaji. Ikiwa amekosea, basi ameondoa dosari ambayo pengine ingepoteza baiti mia chache mara moja kwa mwaka, na badala yake ameweka mlango wa kuvamia mfumo. Nia yake ni njema na mstari wake unaonekana wa busara, na hapo ndipo mhakiki aliyechoka anapopitiwa.

Tuanze na yaliyo mepesi. Badiliko linalojulikana kuliko yote ni hili: palikuwa na `if (p) kfree(p);` na sasa pana `kfree(p);` peke yake. Badiliko hili ni salama, kwa kuwa kfree ikipewa kielekezi (kigeu kinachoshika anwani ya kumbukumbu) kilicho tupu hurudi bila kufanya kitu. Hata hivyo usalama huo ni wa kfree na wa baadhi ya ndugu zake, si wa kila funksheni ambayo jina lake linaishia na neno la kuachilia. Draiva nyingi zina funksheni zao za kuharibu vitu, na kadhaa kati ya hizo hugusa ndani ya kielekezi mara tu zinapoanza. Mhakiki hana budi kufungua funksheni inayoitwa na kuisoma; jina lake si ushahidi. Kuna pia mtego wa vielekezi vya makosa. Kerneli ina desturi ya kurudisha namba ya kosa, kuanzia -1 hadi -4095, ikiwa imevishwa umbo la kielekezi kilicho mwisho kabisa wa nafasi ya anwani. Kielekezi cha namna hiyo si tupu, kwa hiyo kfree haitakiruka, bali itajaribu kuachilia anwani isiyokuwapo. Kwa hiyo sharti lililoondolewa likiwa ni IS_ERR_OR_NULL, linalokagua vielekezi tupu na vya makosa kwa pamoja, halikuwa la bure hata kidogo.

Kubadili kmalloc inayofuatwa na memset kuwa kzalloc nako ni kwepesi, mradi ukubwa uliofutwa na memset ulikuwa sawa na ukubwa ulioombwa. Kinyume chake ndicho cha kuogopwa. Mara nyingine mtu anaona kwamba sehemu zote za muundo zinajazwa baadaye, anaamua kuwa sifuri za kzalloc ni gharama ya bure, na anairudisha kuwa kmalloc. Asichokiona ni mapengo ambayo kompaila huyaacha kati ya sehemu moja na nyingine ili zikae katika anwani zinazofaa. Mapengo hayo hayajazwi na mtu yeyote, na muundo mzima ukinakiliwa kwenda kwa programu ya mtumiaji, mabaki ya kumbukumbu ya kerneli huenda pamoja nao. Kiraka kama hicho kikija bila vipimo vinavyoonyesha kuwa gharama ya sifuri ilikuwa inaumiza kweli, sioni sababu ya kukipokea.

Kuzidisha kunahitaji namba ili kueleweka. Chukua mashine ya biti 32, na draiva inayoomba kumbukumbu ya vitu n, kila kimoja kikiwa na baiti 16, kwa kuandika `kmalloc(n * 16, GFP_KERNEL)`. Iwapo n imetoka nje na mtu akaleta 268,435,457, jibu sahihi la kuzidisha ni 4,294,967,312, namba ambayo haienei katika biti 32. Kinachobaki ni 16. Kerneli hutenga baiti 16 kwa furaha, kisha kitanzi kinachofuata huanza kuandika vitu zaidi ya milioni mia mbili juu ya kumbukumbu za wengine. Funksheni za kmalloc_array na kcalloc hupokea idadi na ukubwa kila kimoja peke yake, na zikigundua kuwa jibu linafurika hukataa ombi zima. Ndiyo maana mwaka 2018, kuelekea toleo la 4.18, Kees Cook aliongoza ubadilishaji wa maombi ya aina hii katika mti mzima wa msimbo, kwa msaada wa Coccinelle, chombo kinachotafuta mifumo ya msimbo na kuibadili kwa kanuni badala ya mkono. Viraka vinavyoendelea kuja katika njia hiyo ni vya kukaribishwa. Cha kuangalia ni kama hesabu haikufurika mapema zaidi, mistari kadhaa juu, kabla n haijafika kwenye ombi. Maana kuweka kcalloc chini ya hesabu iliyokwisha kuharibika hakuponyi kitu, ila kunampa msomaji utulivu asiostahili.

Jambo la nyota moja nalo linastahili sentensi zake. Desturi ya kerneli ni kuandika `sizeof(*p)`, yaani ukubwa wa kitu kinachoashiriwa na p, badala ya kutaja jina la muundo, ili aina ya kielekezi ikibadilika siku za baadaye ukubwa ubadilike nayo. Kiraka kinachofanya usafi huo kikisahau nyota, kinaomba ukubwa wa kielekezi chenyewe, yaani baiti 8 katika mashine ya biti 64, badala ya ukubwa wa muundo ambao huenda ni mamia ya baiti. Kompaila inaweza kunyamaza. Katika kundi la viraka arobaini vinavyofanana, jicho la mhakiki linapofika cha thelathini limekwisha kuzoea, na hapo ndipo nyota iliyokosekana hupita.

Kuna pia usafi unaohusu siri. Msimbo wa zamani uliokuwa umeshika ufunguo wa usimbaji fiche ulifuta eneo hilo kwa memset kisha ukaliachilia. Kompaila inapoona kwamba hakuna anayesoma eneo hilo baada ya kufutwa, ina ruhusa ya kuiona memset kuwa kazi bure na kuiondoa, na ufunguo hubaki ulivyo katika kumbukumbu iliyorudishwa. Funksheni ya kfree_sensitive, iliyokuwa ikiitwa kzfree hadi mwaka 2020, hufuta kwa namna ambayo kompaila haiwezi kuiondoa. Kiraka kinacholeta funksheni hiyo mahali pa memset na kfree ni kizuri. Kinachoiondoa kwa madai kwamba kfree inatosha kinahitaji kujibu ni kitu gani kilichokuwa ndani.

Kisichoonekana ndani ya kiraka

Hadi hapa mhakiki angeweza kufanya kazi yake akiwa na kiraka mkononi na ufahamu mzuri wa funksheni chache. Ugumu wenyewe huanza pale umiliki unapohama. Kiraka huonyesha kwa kawaida mistari mitatu juu ya badiliko na mitatu chini yake, na jibu la swali la umiliki karibu kila mara liko nje ya dirisha hilo. Tazama msimbo huu, ambao umbo lake limejirudia katika draiva nyingi:

```c
ret = device_register(&foo->dev);
if (ret) {
        kfree(foo);
        return ret;
}
```

Kwa msomaji wa kawaida hakuna tatizo. Usajili umeshindikana, kitu tulichokitenga (hapa kimepewa jina la mfano, foo) tunakiachilia, tunarudisha kosa. Lakini device_register hufanya mambo mawili mfululizo: kwanza huandaa kifaa na kuanzisha hesabu ya wanaokishika ikiwa moja, ndipo hujaribu kukiingiza katika mfumo. Hatua ya pili ikishindikana, ile ya kwanza imekwisha kutendeka, na kuanzia hapo kifaa hakimilikiwi tena na mtu aliyekitenga bali na hesabu yake. Njia halali ya kukiacha ni put_device, inayopunguza hesabu, na hesabu ikifika sifuri huita funksheni ya release ya kifaa hicho, ambayo ndiyo yenye jukumu la kuachilia foo. Anayeita kfree moja kwa moja huliacha jina la kifaa, lililotengwa kando, livuje, na huvunja muundo ambao huenda sehemu nyingine ya kerneli bado imeushika.

Sasa fikiria mtu anakuja na kiraka kinachosahihisha hilo kwa kuongeza put_device juu ya kfree iliyopo. Kiraka ni mstari mmoja, maelezo yake yananukuu maoni yaliyo juu ya device_register, na yote aliyoyasema ni kweli. Lakini ikiwa release inaachilia foo, basi sasa foo inaachiliwa mara mbili. Na ikiwa ameondoa kfree, bado kuna swali la aliyeiita funksheni hii: je, naye akipokea kosa huachilia kitu kilekile? Hakuna hata moja kati ya majibu hayo lililo ndani ya kiraka. Mhakiki anafungua faili, anatafuta release, anaisoma, anapanda kwa waitaji mmoja baada ya mwingine, na anakagua kila alama ya goto (amri ya kurukia mstari wenye alama) katika njia ya makosa kuona kama bado zinaachilia kwa mpangilio wa kinyume cha utengaji. Mstari mmoja unaweza kumla mhakiki nusu saa, na hiyo nusu saa ndiyo kazi yenyewe. Mambo ni hayohayo kwa kobject_init_and_add, ambayo ikishindikana hutaka kobject_put.

Kwa sababu hiyo napenda kiraka ambacho maelezo yake yanataja mnyororo wa umiliki kwa maneno: kwamba foo hutengwa katika funksheni fulani, hukabidhiwa kwa hesabu ya kifaa katika mstari fulani, na huachiliwa na release peke yake. Mwandishi aliyeweza kuandika hivyo amekwisha kufanya nusu ya uhakiki. Aliyeandika tu kwamba chombo cha uchambuzi kimetoa onyo, bado hajaanza.

Usafishaji unaojiendesha

Sehemu kubwa ya viraka vya miaka ya karibuni huhamisha draiva kutoka katika uachiliaji wa mkono kwenda katika ule unaojiendesha, na njia zipo mbili. Ya zamani zaidi ni familia ya devm. Kumbukumbu iliyoombwa kwa devm_kzalloc hufungwa pamoja na uhusiano kati ya kifaa na draiva yake, na uhusiano huo ukikatika kila kitu huachiliwa kwa mpangilio wa kinyume. Njia za makosa hufupika na goto hupungua. Kosa la wazi ni kusahau kuondoa kfree moja mahali fulani katika faili, na ni rahisi kulitafuta. Makosa mengine mawili yamejificha zaidi.

La kwanza ni la mpangilio. Draiva inapoondolewa, funksheni yake ya remove huitwa kwanza, na vitu vya devm huachiliwa baada yake. Kiraka kikihamisha ombi la ukatizaji (ishara ya kifaa inayosimamisha kazi ili kihudumiwe) kwenda devm_request_irq huku bafa ya data ikiendelea kuachiliwa kwa mkono ndani ya remove, kunatokea kipindi ambacho bafa imekwenda lakini ukatizaji bado unaweza kulia, na kishughulikiaji chake kitaandika katika bafa isiyokuwapo. Kabla ya kiraka, free_irq ilikaa juu ya kfree na mpangilio ulikuwa sahihi. Kuhamisha nusu ya vitu ni hatari kuliko kutohamisha hata kimoja.

La pili ni la urefu wa maisha. Mtumiaji anafungua faili la kifaa chini ya /dev, kisha anachomoa kifaa cha USB bila kulifunga. Draiva hutengana na kifaa na kumbukumbu ya devm huachiliwa papo hapo, lakini faili bado limefunguliwa, na programu ikiita read au ioctl, draiva itagusa muundo uliokwisha kuondoka. Kitu kinachoweza kufikiwa kupitia faili lililo wazi kinahitaji hesabu ya wanaokishika. Hakifai kuwekwa katika devm, hata kama kiraka kinapunguza mistari ishirini.

Njia ya pili iliingia katika toleo la 6.5 mwaka 2023, katika faili la cleanup.h lililoletwa na Peter Zijlstra. Hutumia uwezo wa kompaila wa kuita funksheni pale kigeu kinapotoka katika eneo lake, ili kielekezi kilichotiwa alama ya `__free(kfree)` kijiachilie chenyewe katika kila njia ya kutoka. Nauona uwezo huu kuwa mzuri kweli, hasa katika funksheni zenye njia nyingi za makosa. Lakini unabadilisha mahali pa kutazama. Vigeu husafishwa kwa kinyume cha mpangilio wa kutangazwa kwao, na desturi ya zamani ya C ya kutangaza kila kitu juu ya funksheni hugeuka mtego:

```c
struct foo *f __free(foo_remove) = NULL;

guard(mutex)(&foo_lock);
f = foo_create();
if (!f)
        return -ENOMEM;
ret = foo_setup(f);
if (ret)
        return ret;
```

Kufuli (mstari wa guard) lilitangazwa mwisho, kwa hiyo litafunguliwa kwanza. Iwapo foo_setup itashindwa, foo_remove itaitwa baada ya kufuli kuachiliwa, na kama funksheni hiyo inaondoa kitu katika orodha inayolindwa na kufuli hilohilo, tumepata mgongano kati ya nyuzi mbili ambao hakuna mstari wa kiraka unaouonyesha. Maelekezo yaliyo ndani ya cleanup.h yanashauri kigeu kitangazwe na kupewa thamani kwa pamoja, pale kinapohitajika, na yanaonya dhidi ya kuchanganya goto na usafishaji wa aina hii katika funksheni moja. Mhakiki aongeze swali lingine: je, kielekezi kiliwekwa katika orodha au muundo mwingine kabla ya njia ya kosa? Ikiwa ndivyo, usafishaji utaachilia kitu ambacho bado kiko katika orodha. Na katika njia ya mafanikio, no_free_ptr, inayozuia usafishaji huo, isipotumika, funksheni humrudishia mwitaji kielekezi cha kitu kilichokwisha kufa.

Watunzaji hawalioni jambo hili kwa jicho moja. Wale wa sehemu ya mtandao wameandika katika mwongozo wao kwamba hawahimizi viraka vya usafi mtupu visivyo sehemu ya kazi nyingine, ukiwamo uhamishaji kwenda devm, na kwamba matumizi ya moja kwa moja ya `__free` katika draiva zao hayapendelewi. Sehemu nyingine huupokea usafi huo kwa mikono miwili. Naamini tahadhari ya watu wa mtandao ina msingi, hasa kwa draiva za zamani ambazo hakuna aliye na kifaa chake cha kujaribia: msimbo usio mzuri lakini uliofanya kazi miaka kumi na mitano umejaribiwa na watu wengi kuliko msimbo safi ulioandikwa jana.

Bendera za utengaji, yaani maagizo yanayoambatana na ombi la kumbukumbu, nazo huletewa usafi wa aina hiyo. Ombi la GFP_KERNEL linaweza kulala likisubiri kumbukumbu ipatikane, ilhali GFP_ATOMIC halilali na huruhusiwa kugusa akiba ya dharura. Kiraka kinachobadili ya pili kuwa ya kwanza hudai, na mara nyingi kwa haki, kwamba draiva ilikuwa inakula akiba bila sababu. Ili kukubali, inabidi kuthibitisha kwamba hakuna mwitaji hata mmoja anayefika hapo akiwa ameshika kufuli la kuzunguka (spinlock), ambalo anayelishika haruhusiwi kulala, au akiwa ndani ya kishughulikiaji cha ukatizaji, na waitaji wengine hupitia jedwali la vielekezi vya funksheni ambalo utafutaji wa jina hautawaonyesha.

Tukio la mwaka 2021

Asiyeamini kwamba viraka hivi vina uzito na akumbuke yaliyotokea kwa watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota nchini Marekani. Mwaka 2020 walituma viraka vichache vidogo vilivyofanana na marekebisho ya kawaida, lakini kwa makusudi vilibeba mbegu za kutumia kumbukumbu baada ya kuiachilia, ili wapime kama wahakiki wangegundua. Wakaandika utafiti kuhusu hilo. Aprili 2021, viraka vingine vya kutiliwa shaka vilipoonekana kutoka chuo hicho, Greg Kroah-Hartman, mtunzaji wa matoleo thabiti ya kerneli, alitangaza kutopokea tena michango yake, na watafiti wakaondoa andiko lao katika kongamano lililokuwa limelikubali. Bodi ya Ushauri wa Kiufundi ya Linux Foundation iliandaa ripoti baada ya michango 435 ya watu wa chuo hicho kuhakikiwa upya. Iliyo mingi ilikuwa sahihi. Takriban arobaini ilikuwa na makosa yaliyohitaji kurekebishwa, na hii haikuwa sehemu ya jaribio. Ilikuwa kazi ya watu waliodhani wanasaidia.

Hasira ya watunzaji kuhusu kufanyiwa majaribio bila ridhaa ninaielewa na ninaiunga mkono. Lakini hayo makosa ya watu wenye nia njema ndiyo yanayopaswa kumshughulisha mhakiki zaidi, kwa kuwa viraka vya hila ni nadra na viraka vya nia njema vinakuja kila asubuhi.

Vyombo husaidia, kila kimoja kwa mpaka wake. KASAN, iliyoingia katika toleo la 4.0 mwaka 2015, huweka baiti moja ya kivuli kwa kila baiti nane za kumbukumbu na hupiga kelele msimbo unapogusa kilichoachiliwa. Kmemleak, ya mwaka 2009, hutafuta vipande ambavyo hakuna kielekezi kinachoviashiria tena. Vyote viwili huona njia iliyopitiwa tu, na viraka tunavyovizungumzia hukaa katika njia za makosa ambazo mashine yenye afya haipiti. Hapo ndipo failslab inapofaa: hulazimisha maombi ya kumbukumbu yashindwe kwa makusudi, ili njia hizo zikanyagwe huku KASAN ikitazama. Mwandishi wa kiraka akisema amejaribu, ni haki kumuuliza kama alijaribu njia aliyoibadilisha au aliwasha mashine tu ikawaka. Smatch na Coccinelle husoma msimbo bila kuuendesha, kwa hiyo hufika kwenye njia hizo, lakini hazijui desturi ya umiliki ya draiva moja moja, na maonyo yake huzaa viraka vingi vya haraka kutoka kwa watu walioyaamini bila kusoma release.

Linabaki suala la alama zinazoambatana na kiraka, na hili hupuuzwa kuliko yote. Alama ya Fixes, inayotaja tarakimu kumi na mbili au zaidi za mwanzo za badiliko lililoleta kosa, huwavuta watunzaji wa matoleo thabiti na mitambo yao wakinakili kiraka kwenda katika kerneli za zamani zinazoendesha seva na simu. Kiraka cha usafi kikibeba alama hiyo bila kuwapo kosa halisi, kinasafiri hadi katika matoleo ambayo funksheni zinazokizunguka ni tofauti: pengine katika toleo hilo release haikuachilia foo, au alama ya goto ilikuwa na mpangilio mwingine. Hapo uhakiki uliofanywa kwa msimbo wa leo hauna nguvu, na mara nyingi hakuna anayeurudia. Kwa hiyo mhakiki humwomba mwandishi aeleze njia ambayo msimbo wa zamani ungevuja au kuanguka, kuanzia kwa mwitaji hadi kwenye mstari wenye kosa. Akishindwa kuieleza, alama ya Fixes huondolewa, kichwa cha kiraka huandikwa upya kiseme kwamba ni usafi, na kiraka husubiri toleo linalofuata pamoja na vingine vya aina yake.